Barua ya Sentensi Nne

Jumatatu ya juma lililopita, baada ya sala ya alfajiri, kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kifo cha mtu ambaye ninyi wasomaji wangu hamkupata kumwona, ingawa kwa miaka mitatu kila neno la safu hii limepita vidoleni mwake kabla ya kuwafikia. Alikuwa mpiga taipu. Mimi huandika kwa kalamu, kwa mwandiko ambao mhariri wangu aliwahi kuuita nyayo za kuku aliyekanyaga wino, na kila Jumanne nilikuwa nikipeleka kurasa zangu barazani kwake, karibu na mahakama, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, naye akazigeuza zikawa kitu cha kusomeka. Tulimzika siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri. Kurasa za leo nimezipiga mwenyewe, kwa vidole viwili, kwenye mashine yake, na mhariri akiona herufi moja imepanda juu ya wenzake ajue kwamba ilikuwa imepanda tangu zamani na mwenyewe hakutaka ishushwe.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. "Jina langu liache, bwana mtunzi," aliniambia siku za mwisho, "halina faida kwa mtu. Ugonjwa wangu utaje. Taja na pahala penyewe. Wanaume wa mji huu wafa kwa haya." Basi nautaja. Alikufa kwa saratani ya tezi dume, ile tezi ndogo iliyoko chini ya kibofu cha mkojo cha kila mwanamume, mwenye kanzu ya hariri na mwenye shuka moja. Na nikishautaja ugonjwa, kuna jambo la pili sina budi kulitaja, ambalo ni kosa langu. Nimekaa siku nane nikitafuta namna ya kuliandika kwa uzuri, hata nikatambua kwamba kosa lenyewe lilianzia hapo hapo, katika kutafuta uzuri.

Wenyeji wanalijua lile baraza. Zamani wapiga taipu walikuwa wengi, meza zao zimepangwa bega kwa bega, na ukipita asubuhi ungedhani mvua inanyesha juu ya mabati. Mwaka huu walibaki watatu. Ng'ambo ya njia kumefunguliwa chumba chenye feni na kompyuta, ambako msichana mwenye adabu hukuandikia ombi lako kwa dakika chache, na neno likikosewa hufutika pasipo alama. Ami, kwani hivyo ndivyo nilivyomwita, ami kwa heshima maana hatukuwa na nasaba, aliingia mle mara moja, akatazama, akatoka. Nilimwuliza ameonaje. "Mashine nzuri," alisema. "Lakini kosa likifutika lisionekane, mtu atajuaje kwamba alikosea?"

Yeye alikuwa na sharti moja la kazi. Aliandika ulichosema. Hakuongeza, hakupunguza. Kisha, kabla hujatia sahihi, alikusomea barua yote kwa sauti, wewe umekaa kwenye kigoda, yeye amevaa miwani, na daima aliweka kopi ya kaboni katika sanduku lake la bati. Siku moja alikuja mama mmoja wa Majengo, buibui limemwangukia mabegani kwa hasira, anataka barua kwa mumewe aliyekwenda kufanya kazi bara akaisahau njia ya kurudi.

"Mwandikie ni mbwa," alisema kabla hajaketi.

"'Wewe ni mbwa,'" Ami akarudia huku akigonga. "Enhe?"

"Na mamake mbwa."

"Mamake au mamako? Wasema naye."

"Mamako! Tena tia nguvu."

"Nguvu haimo humu, mama. Zimo herufi kubwa. Nitie herufi kubwa?"

"Zitie!"

Sisi tuliokuwa karibu tulikuwa tumeziba midomo. Ami alimaliza, akavaa miwani, akamsomea mama yule barua yake pole pole, kwa sauti ya hakimu asomaye hukumu. Alipofika mwisho mama alikuwa amelirudisha buibui kichwani. Akatazama njia, akatazama mikono yake. "Hebu watoe hao mbwa," alisema. Ami akamwuliza kama ni wote wawili. "Wote." Na mahali pao atie nini? Mama akajifuta uso kwa pindo la buibui. "Tia: watoto wauliza."

Alipokwisha kwenda nilimlaumu Ami. Nilimwambia angeweza kumwandikia vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa ilikuwa wazi hakutaka kusema vile. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeingia msikitini na viatu. "Mimi nitajuaje atakalo, na mwenyewe bado hajajisikia? Kazi yangu ni kumpa maneno yake ayatazame. Nikitia yangu, atatazama nini?" Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu, nikijivuna kwamba nimepata kitu cha kumpa mhusika wa riwaya. Kuyaandika niliyaandika. Kuyashika sikuyashika.

Sharti hilo ndilo lililompotezea mwana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyebeba mizigo bandarini. Miaka sita iliyopita kijana huyo alipata nafasi ya kazi Uarabuni, lakini ilitakiwa barua ya kuthibitisha kwamba amewahi kuwa msimamizi wa ghala. Hakuwa amesimamia ghala lolote. Alimjia babake barazani, akamwomba aipige. Babake akakataa. Kijana akabembeleza, kisha akapaza sauti mbele ya watu, akasema babake apenda karatasi kuliko mwanawe. Ami naye akajibu kwa maneno ambayo wapiga taipu wenzake waliniambia hawakuwahi kuyasikia kinywani mwake, wala hawakupenda kuyarudia. Barua ile ilipigwa siku hiyo hiyo, kwenye meza ya tatu kutoka kwake, na sauti ya mashine akiisikia. Kijana akasafiri. Kila Idd alimletea mamake kadi, na mwisho wa kadi aliandika, "Nisalimie wote." Mkewe Ami amesoma msahafu tangu utotoni lakini herufi za kizungu hazijui, kwa hiyo kadi zile Ami ndiye aliyezisoma. Kila mara akifika hapo aliinua kichwa akamwuliza mkewe, "Katika hao wote, nami nimo?"

Ugonjwa wenyewe niliujua kwa jasho. Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi linavuma, watu wamevaa sweta, na Ami anajipepea kwa jalada la faili, shati limemganda mgongoni. Mwenzake wa meza ya pili akamtania, "Mzee, baridi hii nawe wachururika? Au umeposa?" Ami akacheka pamoja nao. Tulipokwenda kusali, yeye na mimi tukatangulia kurudi, akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kurasa zangu, "Wameniondoa zile mbili." Sikuelewa. Akaeleza, kwa sauti ile ile ya kunisomea makala, kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume, kwamba ugonjwa huo huishi kwa homoni ya kiume kama taa inavyoishi kwa mafuta, na kwamba njia ya kuyakata mafuta ilikuwa kumtoa korodani. Jasho lile ni la mwili unaoitafuta homoni usiione. Katika mji ambao mwanamume huona afadhali azimie njiani kuliko kumwambia daktari kwamba mkojo unakuja kwa matone, mtu huyu aliyakubali hayo na kesho yake akarudi mezani.

"Nawe ukakubali tu, Ami?"

"Nilisomewa," alisema. "Nikatia sahihi."

Alipata zaidi ya miaka miwili mizuri. Alipiga taipu riwaya yangu yote, mara mbili, na siku moja alinirudishia sura ya tisa akisema hakugusa neno, ila angependa kuniarifu kwamba bibi niliyemzika katika sura ya nne yumo humo jikoni anapika mbaazi. Kisha mwaka huu, mvua za mwaka, zile za masika, zilipokwisha, mgongo ukaanza kumwuma. Alisema ni kigoda. Akabadilisha kigoda. Alisema ni umri. Miezi ikapita, na mwishowe akaniomba nimsindikize hospitali, kwa sababu mkewe alikuwa akilia hata kabla ya kuvaa buibui, na jamaa wa msikitini hakutaka wajue mpaka yeye mwenyewe ajue.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, Kiswahili chake cha bara, kilichonyooka kama njia ya reli. Alimkalisha Ami, akasogeza kiti chake karibu, akasema ugonjwa umerudi na umeingia katika mifupa ya uti wa mgongo.

"Umerudije, daktari, na mafuta tumeyakata?"

Akachukua karatasi akachora duara, na ndani ya duara akachora duara dogo. Akaeleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna chumba, na chumbani mna maandishi, yaani jeni zetu, yanayosema chembe ile ifanye nini. Maandishi hayo hayatoki nje. Kinachotoka ni nakala. Homoni ya kiume ikiingia katika chembe ya tezi, humkuta mpokeaji wake, wakashikana, wakaingia chumbani pamoja wakaagiza ukurasa fulani unakiliwe. Nakala ikitoka, chembe hukua na kujigawa.

Ami, aliyekuwa amejikunja tangu asubuhi, alikaa wima. "Ngoja, mwanangu. Asili iko kabatini?"

"Iko kabatini."

"Homoni ndiye mteja. Na huyo mpokeaji ni karani."

"Ndiyo, Mzee. Ni hivyo."

"Nanyi mkamfukuza mteja."

"Tulimfukuza. Lakini karani naye amebadilika." Akachora makarani wengi, vidoti vidoti. "Katika ugonjwa kama wako huenda wamekuwa wengi kupita kiasi, au wamekuwa wepesi mno wa kusikia. Mwili wako una homoni kidogo sana inayotoka kwingine, na sasa hiyo kidogo inawatosha. Wengine pengine hawangoji tena kuagizwa."

"Wapiga taipu bila mteja!" Ami alisema, akacheka hata akaushika mgongo. "Karani wa namna hiyo mimi ningemvunja vidole."

"Basi hicho ndicho kinachotafutwa," daktari alisema. "Dawa ya kumshika karani mwenyewe, asilifikie kabati, asinakili. Ile ya vidonge tuliyokupa baada ya upasuaji ilikuwa ya kumziba masikio, na kwako haikushika. Nyingine bado ziko katika maabara za mbali."

"Zitapatikana?"

"Mimi naamini zitapatikana."

"Nitazikuta?"

Nilitazama sakafu. Nilijua hasa ningemjibu nini ningekuwa mimi. Ningesema Mungu ni mkubwa, ningesema sayansi hailali, ningesema lolote. Daktari aliweka kalamu chini. "Hapana, Mzee wangu. Sidhani utafika Ramadhani." Ilikuwa imesalia miezi miwili na siku kidogo. Ami akampa mkono. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Umenisomea kama ilivyo."

Siku tatu baadaye aliniita nyumbani kwake Majengo, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amelala ubavu, mashine imewekwa juu ya stuli kando ya kitanda. Dawa za maumivu zilimtia ukungu machoni, na kukaa hakuweza tena. Alitaka kumwandikia mwanawe. Nilimwuliza kwa nini asimpelekee simu ya maandishi, yaani telegramu, ifike upesi, kwani namba ya kupiga hatukuwa nayo, tulikuwa na sanduku la posta la mwajiri wake tu. Akakataa. "Simu ya maandishi ni ya mayiti. Akiipata atadhani nimekwisha, na aliyekwisha hakimbiliwi. Andika barua. Sentensi nne."

Akazisema. Ya kwanza ilisema maradhi yamerudi na dawa zimeshindwa. Ya pili ilisema hatafika Ramadhani. Ya tatu ilihusu ugomvi wao. Ya nne ilimwomba mwanawe aje upesi. Hakukuwa na salamu, wala "ama baada ya." Maneno machache kwa kila sentensi, yamekaa uchi kama mawe.

Wasomaji wangu, nyote mnaijua barua ya Mswahili. Huanza kwa salamu nyingi zisizo idadi, ikauliza hali, ikajibu hali, na hata ikiwa inaandikiwa juu ya kitanda cha mgonjwa husema sisi huku hatujambo, isipokuwa. Habari yenyewe hujibanza baada ya hiyo isipokuwa, imejifunika gubigubi. Tumelelewa hivyo, na ni malezi mema, maana anayesoma yuko mbali na hana wa kumshika akianguka. Nilijiambia namwonea huruma kijana, nikajiambia pia kwamba mwana aliyeondoka kwa hasira atavutwa na uzuri kuliko ukali. Na lililokuwa chini ya yote hayo ni kwamba mimi ni mtunzi, nina miaka ishirini na sita, na vidole vyangu vilikataa kugonga maneno "dawa zimeshindwa" mbele ya mtu ambaye zimemshindwa. Nikaanza kwa salamu. Nikaandika kwamba baba yako alipatwa na udhaifu kidogo wa mgongo, na sasa, alhamdulillahi, ana nafuu. Nikaandika kwamba moyo wake hukutaja kama ufuo unavyoyataja maji yaliyokupwa. Nilijaza ukurasa, nikageuza wa pili.

"Mbona wagonga sana?" Ami aliuliza kutoka kitandani. "Sentensi nne hazina kelele hizo."

"Nakosea, Ami. Nafuta."

"Taratibu basi. Haya, nisomee."

Nikaichukua karatasi, nikaiweka mbele ya uso wangu, nikamsomea sentensi nne alizozisema yeye. Neno kwa neno. Hazikuwamo. Aliitikia kila moja kwa kichwa, kisha nikamshika mkono akatia sahihi chini ya ukurasa wa pili, akidhani ni wa kwanza. Kopi ya kaboni nikaitia katika sanduku la bati, kama ilivyokuwa desturi yake. Nilitoka mle nikiona nimetenda jema. Nilipita Tononoka kwa miguu mpaka kwetu, njia nzima nikijirudia ule ufuo na maji yake.

Jibu lilifika baada ya majuma sita. Mkewe aliniita nikalisome, na nilipofungua nikaona kwa jicho moja kilichoandikwa, nikaona pia kwamba naweza kudanganya tena. Wote wawili walikuwa wakinitazama, mmoja asiyejua herufi, mmoja asiyeziona sawasawa. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni uso wa Ami tu. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile nilisoma kilichokuwamo.

Kijana aliandika kwamba alipoletewa bahasha, akaona mwandiko wa mashine ya babake na ile herufi iliyopanda, hakuifungua. Alikwenda moja kwa moja kwa bwana wake kuomba ruhusa ya safari, akapewa siku thelathini. Ndipo akaifungua. Na alipoona baba ana nafuu, alimshukuru Mungu, na ruhusa ile akampisha mwenzake ambaye mamake ni mgonjwa sana. Yeye angekuja baada ya Idd, akae kwa raha. "Nisalimie mama," aliandika mwisho, "na baba."

"Nafuu ipi?" Ami akauliza.

Niliikunja barua ile. Akamwambia mkewe amletee sanduku na miwani. Akaishika kopi karibu sana na uso, akaisoma kwa muda mrefu, kurasa zote mbili, kidole kikifuatia mistari. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akavua miwani.

"Umeandika vizuri," alisema. "Umeandika vizuri sana, bwana mtunzi."

Mkewe akauliza kuna nini. Nilipiga magoti pale sakafuni nikaomba msamaha, kwa maneno mengi, nikaona kwamba hata ya msamaha nayapamba, nikanyamaza. Ami alikuwa amefumba macho. "Kosa la kopi haliparuriwi kwenye kopi," alisema baadaye. "Warudi kwenye asili, waanza tena. Tia karatasi." Akazisema upya sentensi zile nne, na hazikuwa zimebadilika hata neno, kana kwamba majuma sita alikuwa amelala nazo. Nikazigonga. Akaniambia nimsomee. Nilisoma kilichokuwa kwenye karatasi. Akataka aione mwenyewe, akaifuatia kwa kidole, akatia sahihi. Siku hiyo nilipeleka barua posta, na simu ya maandishi pia. Safari hii hakuikataa. Aliniambia niende haraka. Alfajiri ya siku ya tano ndipo kipaza sauti kilipotangaza.

Mwanawe alifika Alhamisi, kaburi likiwa na siku tatu. Barua ya kweli ilikuwa bado njiani, imepishana naye angani. Aliweka begi mlangoni, akambusu mamake mikono, akakaa na waliokaa matanga. Walipopungua nilimwita uani nikamweleza yote, kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Alinisikiliza ameuegemea ukuta.

"Ungeandika alivyosema ningemkuta," alisema.

"Ungemkuta."

"Majuma matatu ningekaa naye."

"Ndiyo."

Akatazama chini. Kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu yetu. "Mimi nilimwita hana huruma," alisema, "kwa kuninyima uwongo mmoja." Nikatoa kopi ya kaboni ya barua ya pili, nikampa. Aliitazama kidogo, akanirudishia. "Nisomee wewe," alisema. "Kama alivyokuwa akiwasomea watu." Nikasoma, na nilipomaliza alikaa chini pale pale mchangani, na nguo zake za safari, akalia kwa sauti, hata mamake akatoka.

Tuna msemo wetu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na baada ya maziko nilimsikia mtu akiunong'ona juu ya marehemu. Nataka ijulikane kwamba Ami hakuficha. Alikwenda kwa daktari, aliuliza, alisomewa, alitia sahihi. Niliyeficha ni mimi, niliyekuwa mzima. Wanaume wenzangu, mkojo ukiwa shida nendeni mkatazamwe, na mkisomewa msizibe masikio. Siku moja dawa ya kumshika karani itapatikana, nami ninaiombea ije, ingawa itakuwa imechelewa kwa mtu mmoja wa Majengo. Na ninyi mnaopenda maneno kama mimi, jihadharini na mkono wenu unapoona huruma. Mtu anayekufa ana mali moja iliyobaki, nayo ni alilosema. Lichukueni kama lilivyo.

Jana nimemsomea mwanawe makala haya yote kwa sauti, yeye amekaa kwenye kigoda cha babake. Kuna mahali nilikuwa nimeandika kwamba marehemu alikata roho akitabasamu. "Ulikuwepo?" aliniuliza. Nikasema sikuwepo. "Wala mimi. Litoe." Nimelitoa. Kisha akaniomba barua ya babake niiweke hapa mwisho, pasiwe na neno langu baada yake.

"Mwanangu, maradhi yamerudi na dawa zimeshindwa. Sitafika Ramadhani. Sikukosea kukataa, nilikosea kukufukuza. Njoo upesi nikuone."